Pini Unyayoni mwa Fundi Kengele

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Akimpima mteja huvitaja vipimo kwa nguvu, ili mimi niliyekaa pembeni na mtoto mapajani niviandike kwa chaki kwenye kitambaa. Kisha huongeza la kwake: "Dada, hiki kiuno au gunia? Punguza sukari, utakuja kukatwa mguu." Majirani barazani hucheka. Mteja naye hucheka, ila macho yake hayacheki.

Aliyekuwa akiambiwa hayo zaidi ni mwoka mikate wa mtaa wa pili. Alipokuja kuugua kisukari kweli, mama alisema ulafi una malipo yake, ugonjwa ule haumjii asiyeuita.

Yeye sukari alishaiacha zamani, na alijisifu kwa hilo. Chai yake aliitia asali, vijiko vitatu vilivyojaa, na kutwa nzima alikunywa juisi aliyokamua mwenyewe. Alisema asali ni dawa. Lakini mimi nilimwona anavyomaliza mtungi wa maji na anavyoacha mteja katikati ya kipimo kukimbilia chooni. Nikamwambia twende tukapime. Akaniuliza ana kosa gani hata akapimwe.

Mama hushona bila viatu. Husema mguu lazima uisikie cherehani. Jioni moja nilikuwa nafagia nyuzi chini ya meza nikaona kichwa cha pini unyayoni mwake, na pembeni pameshavimba na kuwa pekundu. Naye anakanyaga pedali kama kawaida, anaimba.

"Mama, mguu wako."

Akanitazama kama namwambia habari za mguu wa mtu mwingine. Niliichomoa ile pini, usaha ukatoka, wala hakushtuka. Alipoiona mkononi mwangu, wimbo ulimkauka. Akavuta gauni la mteja alilokuwa akilishona, akafunika mguu.

"Usimwambie mwanangu," akasema.

Nilimjibu kwamba nitanyamaza iwapo kesho tutaamkia kliniki.

Tulikwenda, yeye kajifunika mtandio mpaka machoni. Na kwenye benchi kulikuwa na nani? Mwoka mikate. Mama akageukia ukuta. Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, kisha akampazia sauti mwenzake aliyekuwa akiandika mlangoni: "Mama mwenye kidonda, sukari kumi na tisa!"

Benchi zima liligeuka. Nimeishi na mama mkwe tangu niolewe, sijawahi kumwona akiwa mdogo vile. Hakuna aliyecheka. Mwoka mikate alisogea tu, akampisha nafasi ya kukaa.

Mama alisema kwa sauti ya chini mno kwamba sukari ameshaiacha, anatumia asali tu, akauliza hii imetoka wapi.

"Asali nayo ni sukari, mama," muuguzi akasema. "Na juisi vilevile, hata ukiikamua kwa mkono wako. Lakini si sukari peke yake. Kuna kurithi, kuna uzito, kuna kukaa kutwa. Wapo wanene wasiougua, na wapo wembamba wanaougua. Si adhabu hii."

Kwa neno hilo la mwisho mama alitazama magoti yake. Muuguzi akamsafisha kidonda, akasema ana bahati amewahi, mguu utapona, ila umeshakufa ganzi. Akanywe dawa, arudi kila wanapomwita, na asithubutu tena kukaa miguu mitupu penye pini.

Siku hizi anashona kavaa viatu vya kufunika. Mshono wa kwanza ulikwenda upogo, akaufumua kimya kimya, akaanza tena.

Wiki iliyopita mwoka mikate alileta kitambaa. Majirani wakatega masikio. Mama alimzungushia utepe kiunoni, akasoma, akaja mpaka nilipo, akaninong'oneza namba sikioni.

"Fundi, umeshikwa na mafua?" mwoka mikate akauliza.

Mama akainama kama anayeokota pini. Chini hapakuwa na pini, nilikuwa nimeshafagia.

"Nisamehe, dada," akaiambia sakafu.

Mwoka mikate akanyanyua mikono apimwe kifua.

"Haya, maliza basi. Mikate yangu iko motoni."