Besi Niliyoichagua kwa Uzito

Kwetu Busia mtu mwenye akili hanunui kitu kwa macho. Macho yamedanganywa mara nyingi mno. Chaja unairusharusha kiganjani, chupa ya chai unaining'iniza kwa kidole kimoja, na pasi unaiinua hadi usawa wa sikio kama shahidi anayeapishwa kortini. Kitu kikiwa kizito, ni orijino. Kikiwa chepesi, ni feki, na kimepita njia ya panya. Sijui nani aliyeanzisha sheria hii, ila najua nani aliyeieneza: ni mimi, katika duka langu la vifaa vya umeme lililo hatua chache kutoka geti la mpaka. "Shika, sikia uzito," ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila mteja. Nimeuza pasi nyingi kwa maneno hayo matatu.

Kwa hiyo mpiga besi wa kwaya yetu alipohamishwa kikazi, akaondoka na gitaa lake, na mimi nikajitolea kushika nafasi yake, sikuona sababu ya kumwuliza mtu yeyote jinsi gitaa la besi linavyochaguliwa. Alikuwa amenifundisha nyimbo zetu zote kwa lile lake. Kilichobaki ni kununua, na kununua ni fani yangu. Nikapanda gari hadi Malaba kwa fundi mmoja anayetengeneza spika na kuuza vyombo vya muziki vya mitumba. Alikuwa na magitaa matatu ya besi, yametundikwa ukutani kwa misumari.

Sikuketi. Sikuomba yaunganishwe kwenye spika. Niliyainua moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa dogo, na lilipanda juu upesi hata nikalirudisha msumarini kabla sijalitazama vizuri. La pili lilikuwa afadhali. La tatu lilinivuta mkono mpaka bega likalia.

"Hii," nikasema.

"Boss, si ujaribu kwanza? Kiti iko hapa."

"Nimeshajaribu," nikamjibu, nikamtazama kwa huruma ile tunayowatazama watu ambao hawajui biashara.

Pale stendi ya Busia mtu wa bodaboda alinisaidia kulipandisha, akaniuliza kama nimebeba injini ya kusagia mahindi. Nilifurahi, maana hata yeye alikuwa amesikia ubora. Nyumbani mke wangu alilinyanyua, akaliweka chini papo hapo.

"Hii itabebwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa muda gani?"

Nililichukulia swali hilo kuwa ni upungufu wa imani.

Jumapili ya kwanza nilipata jibu lake. Ibada yetu haina haraka, na kwaya yetu husimama. Mkanda wa gitaa ulikuwa mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, ukanikata begani tangu wimbo wa kuingilia. Tena nikagundua jambo ambalo msumari wa fundi ulikuwa umenificha: ukiliachilia, shingo yake inaanguka. Kichwa kinaelekea sakafuni kama mlevi. Basi mkono wangu wa kushoto ukawa na ajira mbili, kubonyeza nyuzi na kuzuia shingo isidondoke, na kabla ya mahubiri vidole viwili vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikuwa nikinyoosha mkono kufuata noti za kule kichwani mpaka kiwiko kikajisahau. Lakini sauti ilikuwa nzuri, watu wakanipongeza mlangoni, na kila aliyenipongeza nilimwambia, "Ni orijino."

Baada ya miezi michache nilianza kutembea upande. Bega la kushoto lilishuka, na kichwa kikainama kulifuata. Dukani jambo hili halikunidhuru, kusema kweli. Wateja walidhani ninawasikiliza kwa makini. Mama mmoja alinisimulia ndoa yake yote akiwa amekuja kununua balbu, kwa sababu tu shingo yangu haikuweza kunyooka. Nyumbani mke wangu alinichua kwa dawa ya misuli mpaka shuka zetu zikanuka zahanati, na kila alipomaliza aliniuliza lile swali lake la muda.

Nilijaribu kila kitu isipokuwa kile cha maana. Nilikata kipande cha sponji kwenye godoro kuukuu nikakishonea kwenye mkanda. Kikateleza hadi kifuani, nikasimama mbele ya waumini nikiwa na titi moja. Nikaurefusha mkanda hadi gitaa likafika magotini, kama wafanyavyo vijana. Mwalimu wa kwaya, mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi ila hakuwahi kustaafu ukali, alisimamisha mazoezi.

"Mzee, unacheza gitaa ama unaosha miguu?"

Nikaufupisha, gitaa likanipiga kidevu. Mwishowe nikaleta stuli, nikawa ninacheza nimekaa. Mwalimu alinivumilia hadi siku ilipotangazwa kwamba askofu anakuja kuwatia vijana kipaimara.

"Siku hiyo hakuna kukaa," alisema. "Kwaya yote isimame, wewe uketi peke yako kama bibi harusi? Tukitoka yale mazoezi ya pamoja ya Malaba kama bado huwezi kusimama, tutaacha tu kinanda kifanye besi kwa mkono wa kushoto."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayepanga viti. Mimi nililala vibaya juma zima. Niseme wazi: nilikuwa naipenda ile kazi kuliko kazi yangu. Dukani nabishana na watu kuanzia asubuhi mpaka kufunga. Kwenye kwaya nasimama nyuma, hakuna anayenitazama, lakini nikikosea noti moja watu kumi na wawili wanayumba, na nikiipata wanatulia wote pamoja. Sikuwa nimewahi kutulizia watu kitu chochote maishani. Kunyang'anywa hilo na mkono wa kushoto wa kinanda kuliniuma kuliko bega.

Niliyemlalamikia zaidi alikuwa mama mmoja anayefua na kupiga pasi majoho ya kwaya. Jumamosi yeye hufanya kazi yake katika stoo ya kanisa, na kwa kuwa amplifaya huwekwa humo humo, mimi nilifanya mazoezi yangu nikiwa kando ya meza yake. Pasi yake aliinunua kwangu. Alikuwa msikivu, mpole, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa kwenye kifundo.

"Pole, boss," aliniambia. "Kitu ya maana lazima ikuumize kidogo."

Nilipenda sana maneno hayo. Niliyapeleka nyumbani nikamsimulia mke wangu, naye akasema huyo aliyeyasema anahitaji daktari.

Mazoezi ya Malaba yalikuwa ya kwaya mbili, yetu na nyingine kutoka ng'ambo, upande wa Uganda. Tulipofika wenzetu walikuwa wameshaanza, na kabla sijaingia kanisani niliisikia besi yao. Ilikuwa nene, imekaa chini ya sauti zote bila kumsukuma mtu. Nikaingia nikitafuta jitu. Nikamkuta mama mfupi kuliko mimi, mwuza nafaka, amevaa gitaa dogo lenye shingo fupi, limelala juu ya tumbo lake kama mtoto aliyeshiba. Mkanda wake ulikuwa mpana kama kiganja. Baadaye alinieleza kwamba ni mkanda wa usalama wa lori lililoharibika pale kwenye foleni ya mpakani. Alikuwa anacheza huku akiongea na jirani yake na kucheka. Hilo ndilo lililonikasirisha. Mimi sikuwahi kucheka na gitaa begani.

Wakati wa chai nilikwenda moja kwa moja kulinyanyua gitaa lake. Mazoea. Lilipaa upesi hivi kwamba nusura nijipige usoni.

"Nyepesi," nikasema, kwa sauti ya daktari aliyeleta majibu mabaya.

"Kale ssebo," akaitikia kwa Kiganda, "ni nyepesi. Sasa lete yako."

Alilinyanyua langu, akaliegemeza ukutani polepole, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia.

"Ndiyo maana. Bwana, ng'ombe ya kuchinja unapima kilo. Ile ya maziwa utakaa nayo kila siku, unaangalia kama inakubali kukamuliwa."

Akanikalisha kwenye benchi, akaniwekea gitaa lake pajani na mkanda wake begani, akaniambia niachilie mikono yote miwili. Niliachilia nikiwa nimejiandaa kudaka. Hakuna kilichoanguka. Gitaa lilibaki pale pale, shingo imeinuka kidogo, kana kwamba linasubiri kuambiwa kitu. Akaurekebisha mkanda, akaniamuru nisimame, na liliposimama pamoja nami lilikuwa mahali pale pale lilipokuwa nikiwa nimekaa. Nikanyoosha mkono wa kushoto kuzifuata noti za kichwani, nikazipita. Zilikuwa karibu.

"Usiikabe koo," akasema. "Haijakukosea."

Nikacheza wimbo mmoja mzima. Ulipokwisha niligundua kwamba nilikuwa nimepumua muda wote, kama watu wengine. Machozi yalinilenga. Nilimwambia ni chai, ilikuwa moto sana.

Mazoezi yalipokwisha niliwaomba wenzangu wanisubiri, nikakimbilia kwa yule fundi na gitaa langu mgongoni, ikiwa kukimbia ndilo neno lake. Lile la kwanza, dogo, bado lilikuwa msumarini limejaa vumbi. Katika sehemu hizi hakuna anayetaka kitu chepesi. Safari hii niliomba kiti. Niliketi, nikaachilia mikono, nikasimama, nikaketi tena, nikaomba liunganishwe, nikacheza nyimbo tatu kwa kufuatana huku fundi akitazama saa. Akakubali tubadilishane. Alipolipokea lile zito alilirusharusha kidogo mikononi, akatabasamu.

"Hii ni orijino," akasema.

Nilimwambia ndiyo.

Mkanda mpana alinishonea mke wangu, kutokana na mkanda wa kiti cha lori kuukuu nilioupata kwa mafundi wa barabarani. Mwalimu wa kwaya alilinyanyua gitaa jipya, akauliza kama ni la watoto wa Sunday school. Nikamwomba afumbe macho. Nilipomaliza ubeti wa kwanza aliyafumbua, akaichukua ile stuli yangu, akaikalia yeye.

Siku ya kipaimara askofu alihubiri kana kwamba hatarudi tena Busia. Vijana walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka kupigwa picha. Nilisimama mwanzo hadi mwisho. Nilicheza, nikaimba, na kuna mahali nilicheka, kwa sababu mtoto wa mtu alilala akaanguka kutoka kwenye benchi. Mke wangu hakumtazama askofu hata kidogo. Alikuwa akilitazama bega langu. Tulipotoka nje aliniambia nimerudi kimo changu cha harusi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda stoo nikiwa nimejaa mahubiri. Majoho yalikuwa yamefuliwa, mama wa pasi yuko kazini. Nikamweleza kila kitu. Nikamweleza kwamba kitu unachokitumia kutwa hakipimwi kwa kukiinua mara moja. Nikamweleza ya ng'ombe wa maziwa, nikiyasema kama yangu. Nikamwambia kwamba mtu anaweza kujiumiza miaka mingi kwa ujinga wa dakika moja dukani. Alikuwa akiitikia, "Ni kweli boss, ni kweli," na kwenye kila joho aliishika pasi kwa mikono miwili, ule wa kushoto ukiubeba wa kulia. Nilikuwa nimeiona mikono hiyo Jumamosi zote. Siku zote nilidhani ni bidii.

Mahubiri yaliniishia mdomoni. Ile pasi niliijua. Nilijua hata siku niliyomuuzia.

Nilikwenda dukani nikachukua ile pasi nyepesi ya rafu ya chini. Haikuwa feki, ni ya aina ile ile anayotumia mke wangu nyumbani, aliyoichagua mwenyewe bila kuniuliza, na inapata moto kuliko zote. Mimi niliiweka pale kwa kazi moja tu. Nikarudi stoo nikaiweka juu ya meza, nikamwambia ni yake, hakuna malipo. Aliinyanyua hadi usawa wa sikio.

"Boss, hii ni nyepesi," akasema kwa upole, kama mtu asiyetaka kukuaibisha. "Nyepesi ni feki. Ni wewe ulinifundisha."

Nilimwomba ajaribu joho moja. Akapiga moja, akaitazama kola, akachukua la pili. Mimi sikuthubutu kugusa gitaa. Alipofika la mwisho nilitambua kwamba mkono wa kushoto ulikuwa umepumzika muda mrefu juu ya meza. Alizima pasi, akafungua kile kitambaa cha kwenye kifundo, akakikunja mara mbili.

"Na hii," akaniuliza, "ilikuwa kwa duka ile siku nilinunua ile ingine?"

Ilikuwepo. Ndiyo niliyomshikisha kwanza siku ile, asikie feki ilivyo nyepesi.