Fundi wa Kibokoni aliyeandika jina lake kwenye kosa

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili ya nyumba moja Kibokoni, Mji wa Kale. Mapenzi Kaingu ameweka kidole juu ya kitufe cha kutuma, na hakibonyezi. Mahamri na mbaazi zake zimepoa kando ya kompyuta.

Barua iliyo kwenye kioo ina mistari kumi na minne ya kurekebisha hitilafu. Si hiyo inayomshika mkono. Ni mmoja ulio chini yake, unaotaja kazi iliyoleta hitilafu na aliyeifanya. Jina lililoandikwa hapo ni lake.

Mapenzi, 29, ni fundi wa kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo unaoendesha kompyuta. Yeye hushughulikia mahali panapoiwezesha mashine moja kubeba nyingine nyingi ndani yake, kila moja ikijiona iko peke yake. Mafundi huziita hizo za ndani wageni.

"Mgeni hapaswi kujua kwamba chumba cha pili kuna mgeni mwenzake," anaeleza. "Akijua tu, basi mimi nimeharibu."

Binti huyu wa hamali wa soko la Marikiti alijifunza kazi hii kwa simu yenye kioo kilichopasuka, miaka miwili mizima, kabla ya kumudu kompyuta. Leo ana viraka 41, kama mafundi wanavyoyaita marekebisho yao, vilivyopokelewa na wasimamizi wa mfumo ambao hajawahi kuonana nao. Mwenye nyumba wake, Bi Zakiya, bado hajashawishika.

"Yuwaketi pale kutwa na kile kioo," anasema bibi huyo. "Nami humwambia, mwanangu, kazi gani hiyo isokutoa jasho?"

Wiki hii jasho limemtoka. Odera, anayetunza kompyuta za kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, aliandika kulalamika: kila mgeni mmoja akizimwa, mwingine huanguka naye. Mapenzi aliisaka hitilafu siku sita. Alipoipata, akaangalia ni nani aliyeandika mstari wenye kosa. Ni yeye mwenyewe, miezi miwili iliyopita, akitaka wageni wazimike upesi.

"Kuna kufuli linalozuia kazi mbili zisiguse kumbukumbu moja kwa wakati mmoja. Nililifungua mapema," anasema. "Haraka haraka haina baraka, na mwenye haraka nilikuwa mimi."

Desturi ya mafundi hawa ni kutaja kiraka kilicholeta kosa, ili wenye matoleo ya zamani wajue kama nao wameathirika. Angeuacha mstari huo wazi, huenda asingeulizwa. Na mkataba wake na kampuni ya ng'ambo unaisha mwezi huu, na wakubwa wake husoma barua hizo, zinazowekwa wazi kwa yeyote.

"Nisikudanganye, nilitamani kuuruka," anasema. "Lakini kuna kina Odera wangapi ambao mashine zao zaanguka na hawajui kwa nini?"

Anabonyeza. Kisha anakula mahamri yake, baridi vile vile.

Kabla ya adhuhuri msimamizi amejibu. Kiraka kimepokelewa, na kitapelekwa kwenye matoleo yote ya nyuma yenye kosa hilo. Mapenzi analisoma jibu hilo mara tatu, furaha imemjaa usoni.

Sasa anataka kuomba awe miongoni mwa wakaguzi wa sehemu hiyo, wanaosoma kazi za wenzao kabla hazijapokelewa. Kuhusu mkataba, hajaambiwa neno.

"Wasiponipa, nitatafuta kwengine," anasema. "Kazi yangu iko wazi, na kosa langu liko wazi. Atakayeniajiri ajue anaajiri vyote viwili."