Kura Yangu na Mama wa Karonga

Chama chetu kina chumba kimoja na stoo, pembezoni mwa jiji la Mbeya. Tunapokea wanawake kutoka nje: Malawi, Zambia, Kongo, Burundi. Wengine waume zao wamewaacha mpakani, wengine wameahidiwa kazi wakafika wakakuta kazi siyo ile. Viongozi tuko watano. Mwenyekiti ni muuguzi mstaafu, Mnyakyusa, mwanamke asiyepandisha sauti hata akikasirika. Yupo mzee mmoja wa kanisa la Kilutheri, yupo mama muuza mchele, na mama mwingine mjumbe wa mtaa. Mimi ni katibu. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nikaombwa kuingia kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Watu hudhani kazi hii hufanywa na wenye moyo wa chuma. Mimi tangu utoto ni mwoga, na mwaka ninaousimulia nilijua ni mwoga kiasi gani.

Mama wa Karonga alikuja asubuhi moja ya Mei, baridi imeanza kushika. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi, anakohoa. Nesi wa hospitali ndiye aliyemwelekeza kwetu. Mwenyekiti alimsalimia, "Ugonile," na yule mama akaanza kulia pale pale mlangoni, kwa sababu lugha ya kwao Karonga, upande wa Malawi, na Kinyakyusa zinasikilizana, na alikuwa na miezi minane hajasemeshwa kwa lugha ya nyumbani.

Alikuwa akipika kwenye mgahawa wa kambi ya wachimbaji dhahabu huko Chunya. Mwenye mgahawa alimpokea vizuri, akachukua pasi yake ya kusafiria, akasema ataitunza isiibwe. Kila alipoiomba aliambiwa ipo, haina shida, wewe pika. Mtoto alipopata homa akaomba ruhusa ya kwenda hospitali, akanyimwa. Siku ya tatu ya homa alitoka kama anayekwenda kuchota maji, akakatiza mashamba ya tumbaku hadi barabarani, na dereva wa lori akamwonea huruma, akamshusha hospitali.

Tulimpa godoro kwenye stoo. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, nikiwa peke yangu ofisini naandika, gari likasimama nje. Akaingia kijana wa miaka thelathini na kitu, sweta safi, viatu vinang'aa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Sikuwa namfahamu. Sikumwambia kwamba mimi ni mwalimu.

Akavuta kiti akakaa. "Nasikia mna mgeni wangu hapa."

"Hapa wanakuja wengi," nikasema.

"Huyu ni wa Malawi, ana mtoto. Mimi sina ugomvi na mtu, mwalimu. Yule nimemlea kama dada yangu, kaondoka bila hata kuaga. Na karatasi hana. Mkikaa naye, kesi itakuwa yenu, siyo yangu."

Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayekushauri kuhusu dawa. Ule upole ndio ulionitisha. Kati yetu na stoo palikuwa na ukuta wa mbao tu, na nilikuwa nasali moyoni mtoto asikohoe.

"Nitawauliza wenzangu," nikasema.

"Waulize." Akasimama, akaangalia huku na huku. "Binti yako bado anafundisha Nyololo? Nyumba yake ile ya mwisho, ya karibu na barabara kuu. Upepo mkali sana pale, siyo?"

Mtoto akakohoa. Yule kijana akaugeukia ukuta wa mbao, akatabasamu, akaniambia, "Nitapita Ijumaa." Akatoka taratibu. Gari lake lilikuwa pikapu nyeupe. Nilipokumbuka kuandika namba yake lilikuwa limeshaondoka.

Tulikutana alasiri ile ile, wote watano. Nilieleza kila kitu. Halafu nikasema jambo ambalo nikilikumbuka bado naficha uso hata nikiwa peke yangu. Nilisema, "Tumrudishe. Huyu mtu hajasema atampiga. Twende naye kwa heshima, tuongee, mambo yaishe."

Mama muuza mchele akasema anaona hivyo hivyo, maana na yeye ana watoto.

Mzee wa kanisa akanigeukia. "Mwalimu, ingekuwa binti yako ndiye yuko Karonga, mikononi mwa mtu wa namna hii?"

"Binti yangu hayuko Karonga," nikamjibu kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe. "Yuko Nyololo, na huyo mtu anaijua nyumba yake!"

Mwenyekiti akaita kura. Watatu walikataa kumrudisha, wawili tulikubali. Akaeleza mpango wake: Iringa kuna masista wenye nyumba ya kuhifadhi wanawake, na wakili mwanamke anayewasaidia. Huyo wakili angempeleka yule mama uhamiaji na polisi yeye mwenyewe, mambo yawekwe wazi, badala ya kumficha stoo kama mwizi.

"Mzee atatoa gari lake," akasema. "Na wewe, mwalimu, utamsindikiza."

"Mimi? Baada ya niliyosema?"

"Wewe ni Mhehe, kwenu ni Iringa. Ukionekana njiani hakuna atakayeuliza. Na mimi nikiondoka hapa yule kijana ataelewa."

Nilitaka kukataa. Nilishindwa kukataa mbele yao, basi. Watu wakinisifu kwa safari ile huwa nanyamaza, kwa sababu sikwenda kwa ushujaa.

Tuliondoka Alhamisi, jua limeshachomoza. Mzee aliendesha, mimi nilikaa mbele, yule mama nyuma na mwanawe, kajifunika kitenge changu. Tangu alfajiri nilikuwa nampigia binti yangu, simu haipatikani. Nikapiga tena Igawa. Nikapiga Makambako, nikapiga tena kabla hatujatoka mjini. Sauti ile ile ya mashine. Polisi walitusimamisha njiani, na kila walipotazama leseni ya mzee wakatuambia safari njema, niliona kama wametuachia kwa bahati tu.

Tulipokaribia Nyololo niliona pikapu nyeupe imeegeshwa kando ya barabara.

"Ni lile," nikasema.

"Pikapu nyeupe ziko nyingi, mwalimu."

"Mzee, ni lile!"

Hakukuwa na mtu ndani yake, au sikumwona. Mbele kidogo ilikuwa njia ya kuingia shuleni kwa binti yangu. Nikamwambia mzee apunguze mwendo. Akapunguza. Hapo yule mama akanishika bega kutoka nyuma. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hiki alikipanga.

"Mama, niteremsheni hapa. Nitatembea. Wewe nenda kwa mtoto wako."

"Utatembea kwenda wapi?"

"Siku ile ya mkutano nilisikia yote. Sikukasirika. Mtoto ni mtoto."

Sitaki kudanganya: kwa muda nilitaka kusema sawa, teremka. Niliona kabisa mlango ukifunguka, yeye akibaki na mwanawe kwenye majani ya kando ya barabara, mimi nikikimbia kuelekea shuleni. Mzee alikuwa amekaza macho mbele. Akaniuliza polepole, "Niingie, au niende?"

Kama gari lile lilikuwa lenyewe, kuingia shuleni kulikuwa ni kumpeleka yule mama mikononi mwa yule kijana. Kama halikuwa lenyewe, binti yangu alikuwa darasani salama. Nilijua hesabu hiyo, ila mwili ulikuwa hauitaki.

"Endesha," nikasema.

Tukapita. Niliona mabati ya paa la shule na watoto wa sweta za kijani wakikimbia uwanjani, kisha miti ikafunika. Sijawahi kuhisi kitu kama kile. Mzazi wangu nilimzika nikiwa na akili zangu timamu, lakini pale sikujua hata mikono yangu iko wapi.

Simu iliita tukiwa Mafinga, ni binti yangu. Umeme ulikatika kwao tangu jana, simu ikazima, ndio kwanza ameichaji dukani penye sola.

"Mama, mbona umepiga mara zote hizo? Kuna msiba?"

"Hakuna. Uko wapi?"

"Niko dukani. Halafu jana kuna mtu alikuja kuniulizia, akasema umemtuma kunisalimia. Nilikuwa darasani. Ni nani?"

Nilimwambia asirudi kwenye ile nyumba, akalale kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia nitamweleza. Sikumweleza.

Masista walitupokea kwa chai ya tangawizi. Kesho yake yule mama aliingia ofisi ya uhamiaji na wakili wake, mimi nikikaa kwenye benchi nje. Nilitegemea makelele. Ofisa aliyemhoji alikuwa mtu wa makamo, aliandika mwenyewe kwa mkono, na alipomaliza alitoka kuuliza kama mtoto amekula. Polisi walifuatilia Chunya. Baada ya wiki kadhaa pasi ilipatikana, pamoja na pasi nyingine mbili za wanawake ambao hatukuwajua, waliokuwa bado wanapika pale pale. Nao walitolewa. Yule kijana, ambaye Ijumaa alipita akakuta stoo tupu, alifikishwa mahakamani, kesi inaendelea, na mimi bado nabadilisha njia ya kwenda sokoni.

Mama wa Karonga alichagua kurudi kwao. Tulimsindikiza hadi mpakani Kasumulu, mwenyekiti, mimi na binti yangu aliyekuwa likizo. Kabla ya kuvuka Mto Songwe alimshika mwenyekiti mkono, akasema "ndaga", asante, mara nyingi, kisha akanipa mtoto nimbebe kidogo. Kifua kilikuwa kimepona.

Tulipokuwa tunarudi, tukipita Tukuyu, binti yangu akaniuliza kilichotokea siku ile ya simu. Nikamsimulia yote, hata kura yangu, hata "endesha".

Tulipokaribia Uyole ndipo akajibu. "Sijakasirika kwamba mlipita," akasema. "Kwa nini hukuniambia mapema? Yule mtu alirudi tena Jumamosi ile, mama. Nilimwona kupitia dirisha, nikiwa kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa naogopa mtu ambaye hata sijui anataka nini."

Nilimshika mkono, naye hakuuondoa.