Tiketi niliyoifunga kwa kiburi

Leo nimeungama kosa la miaka minne.

Wenzangu watengenezaji, mnajua mimi ndiye ninayepanga tiketi, yaani taarifa za matatizo zinazotumwa na watumiaji, katika programu yetu huria ya nyimbo za kanisa: ipi ianze, ipi ingoje.

Mama Neema wa mji wa Champlin, ambaye haoni, aliandika kwamba simu haimsomei maneno ya nyimbo.

Sikujua kulirekebisha tatizo hilo. Kwa kuona aibu kukiri hivyo nikajibu, "Si tatizo," nikaifunga tiketi yake.

Hakuna aliyeifungua tena. Nani angembishia mzee kama mimi?

Sasa daktari anasema siku zangu ni chache. Asubuhi nimeifungua mwenyewe, nikamwomba Mama Neema radhi.

Akajibu: "Nimekusamehe, Baba. Nyimbo zote nimeshazikariri, nawashinda nyie mnaosoma!"

Nimecheka mpaka nikakohoa.

Lakini wasioona wengine bado wanangoja. Tiketi ni ya kwanza kwenye orodha.

Nani anaichukua? Nataka kuiona ikifungwa kwa haki, nikiwa hai.