Mume Wangu Amehamia Kwenye Lori la Magari ya Mashindano

Admin, ficha jina langu na usiweke picha yoyote. Kianjokoma ni ndogo, na lori ninalotaka kulizungumzia kila mtu analijua.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapa sokoni. Watoto wetu wawili wameshatoka, mmoja anafanya kazi Nairobi, mwingine yuko chuoni, kwa hivyo nyumbani tumebaki mimi na baba yao. Nitamwita Baba Mugendi ingawa si jina lake. Kabla hamjaanza kumtukana huko chini, jueni kwamba halewi, hanipigi, na sukari haijawahi kuisha jikoni. Ndiyo maana nikilalamika watu huniona sina shukrani.

Miaka yote alibeba ndizi na maparachichi kwa lori lake. Halafu akakutana na vijana wa ofisi, wa Embu na Meru, ambao wikendi hushindanisha magari kwenye barabara za vumbi. Hawalipwi, wanapenda tu. Magari yenyewe si ya kuendeshwa barabarani kila siku, na mengi hurudi yamevunjika, kwa hivyo walitaka mtu wa kuyabeba na kuyavuta. Siku hiyo Baba Mugendi alirudi akiongea mpaka chai ikapoa. Nilifurahi sana, maana tangu kitinda mimba aende chuo alikuwa amenyamaza.

Lori lilibadilishiwa hapa hapa nyumbani. Fundi wa kuchomelea aling'oa mbao za pembeni, akalaza sakafu ya chuma, akatengeneza njia mbili za kupandishia gari, akafunga winchi ya kulivuta likiwa limezima kabisa, na nyuma akaweka ndoano ya kukokota trela ya gari la pili. Mimi nilikuwa nawapikia na kuwapa spana. Mwisho wakajenga chumba kidogo nyuma ya kebini, cha kulala wakiwa mbali. Baba Mugendi akaniita nishike ncha ya tepu wakipima kitanda. Nikashika nikicheka, nikamwambia fundi asikosee, huyu mzee ana miguu mirefu.

Kitanda kilitoka cha mtu mmoja. Sikuuliza kitu, nilijua ni cha safari.

Aliporudi kutoka safari ya kwanza alilala humo, eti amechoka hata kushuka. Kesho yake pia. Sasa tumepanda mahindi, tumevuna, na hajarudi kitandani. Lori limeegeshwa mbele ya dirisha letu. Nikizima taa yangu naona yake bado inawaka.

Nilimuuliza waziwazi kama kuna mwanamke. Alishangaa kweli.

"Mama Mugendi, mwanamke nimtoe wapi? Si tuko wote hapa compound? Hii ni thingira yangu tu. Huku napumzika."

Wa kwetu mnaijua thingira, ile nyumba ya mwanaume ambayo wazee walijenga kando ya nyumba ya mke. Siku hizi ni wachache walio nayo, lakini mtu akishaitaja utambishia vipi? Nilienda kwa mama mkwe nikidhani atamkanya. Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso.

"Sasa mwanangu unashtaki nini? Baba yake alikuwa nayo. Wewe mpelekee chakula huko, sisi tulikuwa tunapeleka."

Hapo ndipo nimekwama, kwa sababu sijawahi kumpelekea. Napakua sahani mbili mezani na kumwita kwa dirisha. Siku nyingine anakuja, anakula haraka, anasema asante, anatoka. Siku nyingine anasema ameshakula chapati sokoni, nami nafunika yake na kula nikiiangalia. Nikianza kubeba sahani kwenda kwa lori, nitakuwa nimekubali kwamba huko ndiko kwake, na kwamba nyumba hii ni yangu peke yangu. Dada yangu aliyeolewa Kanyakine anasema, "Mnyime kabisa, njaa itamrudisha." Yeye hamjui Baba Mugendi na chapati.

Juzi niliomba niende naye kwenye mashindano. Hakukataa. Huko nilimwona yule mtu aliyenioa. Anatania vijana, anakagua mikanda ya kufungia gari mmoja mmoja, analifunika kwa turubai taratibu kama mtoto aliyelala. Niliona wivu, tena kwa gari, hebu fikirieni. Msichana mmoja wa timu akaniangalia, akamgeukia.

"Kumbe mzee uko na bibi! Na vile sisi tulidhani unaishi tu kwa lori."

Wote wakacheka. Na yeye akacheka. Niliumia sana, lakini nikacheka pia ili nisionekane nimeumia.

Tulipolala huko, alinipa kitanda chake, yeye akajikunja kwenye kiti cha dereva. Nililala kwenye kipimo nilichokishika kwa mkono wangu, nikimsikia anakoroma upande wa pili wa bati. Tangu ahame, hiyo ndiyo mara ya pekee nimelala karibu naye. Tuliporudi nyumbani nilidhani kitu kimebadilika. Aliniteremshia mfuko wangu mpaka mlangoni, akarudi kwa lori.

Naandika haya nikiwa mezani. Nimepika mukimo, ule wa kuponda na ndizi anaoupenda. Nimemwita mara moja, akajibu "naja," na hajaja. Taa yake inawaka. Msiniambie nimwache, sijauliza hilo. Nampenda, na nimechoka kula na kiti kitupu.

Nishaurini kabla chakula hakijapoa. Nimpelekee sahani yake huko? Na nikimpelekea, humo ndani kuna mahali pa mtu mmoja tu. Mimi nitakula wapi?