Kombe la Mwanasha

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajaliwa aibu ya kutosha, nyanya alinikuta nyuma ya mlango wa chumba chake nikilamba sahani. Ingekuwa ya biriani ningesamehewa. Ilikuwa sahani ya kombe, ile nyeupe ambayo mwalimu wa madrasa alikuwa ameiandika aya kwa zafarani, nyanya akaiosha kwa marashi ya mawaridi ili mgonjwa anywe. Na mgonjwa hakuwa mimi. Midomo yangu ilikuwa ya manjano, na kidevu, na fulana.

"Wafanya nini wewe?"

"Sifanyi kitu, nyanya."

"Na manjano hayo?"

"Embe."

Msimu wa maembe ulikuwa umekwisha zamani.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Mwanasha, binti wa mama mdogo, rika langu, ambaye wazazi wake waliishi ndani kabisa huko Kwale. Alishikwa na homa, na kwao hapakuwa na zahanati wala duka la dawa. Walingoja ipoe, haikupoa. Wakampakia kwenye baiskeli, kisha kwenye lori la nazi, kisha feri, na degedege likamshika njiani. Hospitali ilimrudisha akiwa hai, lakini tuliyeletewa nyumbani kwetu Mji wa Kale hakuwa yule Mwanasha wa kupigana na mimi sikukuu. Hakula, hakusema, aliangalia boriti za dari tu. Daktari alisema tumpe dawa, tungoje. Nyanya hakuwa mtu wa kungoja mikono mitupu, ndipo akaongeza kombe.

Nyumba nzima ilinong'ona jambo moja: atapona au hatapona? Mimi nilikuwa na swali langu: kwa nini amelazwa mahali pangu?

Maana kitanda cha nyanya, chenye chandarua pekee mle ndani, kilikuwa changu na yeye. Sasa nilitandikiwa mkeka ukumbini, mbu wakanifanyia karamu. Supu ya kuku ilinipita ikinukia pilipili manga. Udi uliochomwa sikukuu kwa sikukuu ulichomwa kila jioni, kwa ajili ya mtu asiyeweza hata kusema ahsante. Nimezunguka bandari nyingi tangu siku zile, nikipika kwenye meli, na nimeonja wivu wa aina nyingi, hata wa mapenzi. Haujapata kunichoma kama ule wa paja la kuku.

Basi siku hiyo nyanya aliitazama sahani ikiwa kavu. Nilitaraji kofi. Badala yake aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Kombe huandikiwa mtu na maradhi yake," alisema. "Ukinywa la mwenzio, umeyachukua na maradhi yake. Yatakujia, mjukuu wangu. Mimi nimeshakwambia."

Akajitanda buibui, akarudi kwa mwalimu kuomba jingine.

Na kweli, hata juma halikwisha. Nilianza kutetemeka mchana wa jua kali, meno yakigongana, nikalia kwa sauti kwamba maradhi ya Mwanasha yamenijia na nimekufa. Leo naelewa kwamba wale mbu wa ukumbini walikuwa wameshaimaliza kazi yao kabla sijailamba ile sahani. Lakini jaribu kumweleza hivyo mtoto aliyeonywa na nyanya yake. Mpaka leo nikisikia harufu ya zafarani nahisi baridi, nami ni mtu mzima mwenye kitambi.

Mama alinishika mkono, nikavaa ndara zangu, tukaenda zahanati. Ilikuwa mtaa wa pili. Nilidungwa kidole, nikapewa zile klorokwini chungu zilizokuwa zikiuwasha mwili mzima, na alasiri haijaadhiniwa nikawa nimerudi, najikuna kama mbwa wa sokoni. Safari hii nilitandikiwa kitandani, chini ya chandarua, ubavuni pa Mwanasha. Nilikuwa nimeshinda! Nikageuka nimtambie.

Alikuwa ananiangalia. Tangu aletwe hakuwa amemwangalia mtu.

"Umesharudi?" Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nimesharudi."

"Daktari yuko hapo tu?"

"Hapo tu, nyuma ya duka la kanga."

Akageukia ukutani. Nyanya alikimbia kwa furaha kuwaambia watu kuwa mtoto amesema. Mimi nilibaki nikisikiliza ile "hapo tu" yake. Niliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikinitoka mimi kila supu ilipopita.

Mwanasha alipona. Akasoma, akawa muuguzi, akarudi kulekule kwao, na sasa anaendesha zahanati ya vyumba viwili yenye bati jekundu. Kina mama wa mtaani kwetu huuza viazi karai na kaimati kila Ijumaa kuichangia, watu wa Biashara Street hutoa shuka, mwingine hutoa mafuta ya jenereta. Mimi nilirudi safari hii na kitanda cha kuzalia, cha chuma, kinachopanda na kushuka, nikakipeleka mwenyewe.

Nilivaa kanzu mpya. Nilitaraji, nisiwafiche, vigelegele. Kumbe kila aliyeingia mlangoni aliita, "Sista! Sista Mwanasha!" Mama mmoja mwenye mimba kubwa alinipita kama anayepita nguzo, akamshika yeye mkono, akauweka tumboni kwake. Mtoto mmoja alimletea yai. Mimi nilisimama na kitanda changu, na wivu ukanipanda uleule, na harufu yake ya supu.

Nikajitia mzaha. Nikasema, "Dada, nyumba hii yako imependeza. Si mngeandika jina langu hapa kichwani pa kitanda? Kwa rangi tu, dogo. Watu wajue."

Mwanasha alikuwa anatandika shuka la mpira juu ya godoro. Hakuinua uso.

"Hapo hulala mwenye uchungu, kaka. Ukitaka jina lako, panda uzae."