Nilivyotolewa kwenye boti kueleza Kilatini siku ya posa yangu, Mbwera

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe. Chumvi nitatia kidogo tu, ya kuonjea.

Mimi mtu wa Kibiti, Fomu Foo nimeipata kwa masomo ya jioni. Nikampenda binti wa Mbwera, kule deltani. Nikatuma mshenga.

Kwa kawaida muoaji haendi kwenye posa. Mimi nilisindikiza tu, nikabaki kwenye boti.

Sasa mshenga akanipamba barazani hadi akapitiliza: "Msomi huyu, hata Kilatini anakijua!"

Wakuu, Kilatini changu chote ni neno moja la baiolojia.

Shangazi wa binti, mama mwenye sauti ya kuvuka mito mitatu, akasema, "Aitwe mwenyewe."

Nikaingia na tope hadi magotini, jasho ndoo nzima. Nikiharibu hapa, mke sina.

"Shikamoo shangazi. Mpunga kwa Kilatini ni Oryza sativa. Hilo sativa ni kivumishi, maana yake kilichopandwa na mtu, si kilichojiotea."

(Mnaowaza bangi: ndiyo, neno ni lile lile. Tulieni.)

"Tena kinabadilika kufuata jina. Mpunga ni sativa, tango sativus, kitunguu saumu sativum. Kama sisi tu: mpunga mzuri, tango zuri, kitunguu kizuri."

Shangazi akaguna.

"Kumbe hao Walatini nao wana akili. Haya, huo mpunga wetu uliopandwa, binti akihamia kwako Kibiti, nani atakaa dunguni?"

Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo, cha kulindia shamba. Hapo ndipo nikaelewa. Elimu yangu haikumsumbua hata kidogo, alikuwa anapoteza mlinzi wake.

"Mimi, shangazi. Hadi mavuno."

"Hilo umelisema kwa Kiswahili?"

"Kiswahili kabisa."

"Basi posa tumepokea."

Naandika hapa nikiwa dunguni. Ndege wanashuka kama mvua, nguruwe pori saizi ya gari la Noah. Ndoa baada ya mavuno, inshallah. Jana mchumba kaniletea wali na kamba, shangazi nyuma yake. Akakagua shamba kwanza, ndipo nikaruhusiwa kula.

Nilichojifunza: unachokijua kieleze kwa vitu ambavyo watu wanavilima na kuvila, watakusikiliza. Na mshenga mwambie mapema sifa zako zinaishia wapi.

Nyie mlipoposa mlibanwa na swali gani? Shusheni hapa. Nikichelewa kujibu, jueni ndege wameshatua.